UZI: Karatasi, karata, kadi, chati, katuni, katoni, katriji. Kumbe wote ukoo mmoja!

#1 Mchapaji_wa_Kkoo

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kibanda cha uchapaji Kariakoo. Kadi za harusi, mihuri, vitabu vya risiti, vitu hivyo. Juzi kaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi na orodha yake kaiandika kwa mkono:

Karatasi za kadi, rimu 1
Chati za irabu, 4
Katriji nyeusi, 1
Daftari zenye katuni kwenye jalada, katoni 1

Nikaanza kupiga hesabu, nikakwama mstari wa kwanza. Siyo bei iliyonikwamisha. Mimi nina ugonjwa wa kupekua kamusi tangu sekondari, na nilikuwa najua "karatasi" na "kadi" ni neno moja. Nikashuka mstari kwa mstari, nikaona mwalimu wa watu kaandika neno lilelile mara sita bila habari.

Twende taratibu. "Kadi" tumeitoa kwa Mwingereza: card. Mwingereza kaitoa kwa Mfaransa, carte. Mfaransa kaitoa kwa Kilatini, charta. Na Walatini waliazima kwa Wagiriki, khartēs, maana yake karatasi ya mafunjo. Mafunjo hayahaya yanayojaa kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria, yale ya kusukia mikeka. Wamisri walikuwa wanachana bua lake vipande vyembamba, wanapanga safu moja ya kulala na nyingine ya kusimama, wanaponda, wanaanika. Hiyo ndiyo khartēs.

Sasa "karatasi". Hii haikupita Paris wala London. Waarabu walilipata neno hilohilo la Kigiriki, wakalitamka qirtas. Limo hadi ndani ya Qur'ani, Sura ya 6 aya ya 7, inapotajwa maandishi katika karatasi ambayo watu wangeyagusa kwa mikono yao. Wakati huo karatasi tunayoijua leo, ya Kichina, ilikuwa bado haijafika kwa Waarabu. Ilipofika karne ya 8 kupitia Samarkand, neno likahamia kwenye kitu kipya. Pwani yetu ikalipokea, ikalitia irabu, likawa letu.

Kwa hiyo "karatasi za kadi" ni sawa na kusema "karatasi za karatasi". Ndugu wawili walioachana miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, wamekutana kwenye rimu moja hapa Kariakoo.

Hayo mengine manne nitarudi kuyaelezea, nina mteja dirishani.

#2 Mtoto_wa_Mbagala

Kwa hiyo ulimtoza neno moja au maneno sita? 😂

#3 Mchapaji_wa_Kkoo

Mkuu, katriji peke yake imekula nusu ya pesa yake. Hapo hakuna undugu.

#4 Babu_wa_Forodhani

Assalaam alaykum wanangu. Uzi mzuri, lakini mleta uzi umeandika "karata" kwenye kichwa cha habari halafu ndani hukuligusa. Mwalimu wako hakuliandika kwenye orodha, na hiyo ndiyo tamu kuliko zote.

Karata hatukuipata kwa Mwarabu wala kwa Mwingereza. Ni ya Mreno: carta. Kwao neno hilo ni barua, na ni karata ya kuchezea pia. Wametuachia meza, bendera, leso, gereza, na wametuachia karata. Angalieni rangi zake nne tunavyoziita barazani: kopa, uru, shupaza, pau. Kwa Kireno ni copas, ouros, espadas, paus. Yaani vikombe, dhahabu, mapanga na magongo.

Sasa chukua karata ya kopa uitazame. Umeona kikombe? Umeona moyo! Picha zilizozoeleka siku hizi ni za Kifaransa, moyo na almasi na kadhalika, lakini majina tumeyashikilia ya zamani. Mtoto anaambiwa "cheza kopa" anatoa moyo, na hashangai. Kopo la maji nalo ni la Mreno, copo. Kopo na kopa ni ndugu pia, ila huo ni ukoo mwingine, msije mkanichanganyia.

Tena sikilizeni hili. Mimi nacheza wahedi wa sitini, yaani sitini na moja, tangu sijaota ndevu. Karata zenye sura za watu tunaziita wazungu: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni yule kijana, mzungu wa nne ni mfalme. Mjukuu wangu aliniuliza siku moja, "Babu, mzungu wa kwanza yuko wapi?" Nikamwambia kabaki kwao Ureno. Nilikuwa namtania. Hakuna mzungu wa kwanza kwa sababu ile si zamu, ni thamani. Malkia ana mbili, kijana ana tatu, mfalme ana nne. Ree, ile karata ya A, ana kumi na moja, seti ana kumi. Jumlisha: rangi moja ni 30, rangi nne ni 120. Nusu yake 60. Mwenye 61 kashinda, na ndilo jina la mchezo wenyewe.

Wareno wana mchezo wauitao bisca. Hesabu ni hiyohiyo kwa hiyohiyo, mpaka saba kuwa mkubwa wa pili na kijana kumpita malkia. Na "seti" ni sete, saba ya Kireno. Fort Jesus walinyang'anywa mwaka 1698, lakini hesabu yao bado tunaihesabu kila jioni hapa, kahawa mkononi.

#5 Mchapaji_wa_Kkoo

Babu shikamoo. Hii ya wazungu na thamani zao sikuijua kabisa, na nimecheza miaka yote! Nilidhani ni vyeo tu.

Na turufu?

#6 Babu_wa_Forodhani

Marahaba. Turufu ni trunfo, ya Mreno vilevile. Asili yake ni neno la Kilatini la ushindi, ndilo lililowapa Waingereza triumph, na trump yao ya karata. Wanasiasa wetu wakisema "karata ya turufu" wanaongea Kireno maneno mawili kati ya matatu, na wengine wao hawajawahi kushika hata karata moja.

#7 Mjuzi_Asiyejulikana

Samahanini lakini mnapotosha. Kadi inatokana na KADHI. Zamani kadhi ndiye aliyekuwa anatoa karatasi za ndoa na talaka, watu wakaanza kuita karatasi yenyewe kadi. Hili liko wazi. Mnapenda sana kila kitu kitoke Ulaya.

#8 Bint_Muscat

Kaka, pole. Mimi nimezaliwa Unguja, ninaishi Muscat, na lahaja zote mbili zimo masikioni mwangu. Kadhi ni qadhi, mwenye kuhukumu, na shina lake ndilo lililotupa "kukidhi" haja. Herufi yake ya mwisho si "di" ya kadi. Huku mtu akienda dukani kununua salio anaomba "kart", hamwombi kadhi!

Na hakuna aliyesema kila kitu kimetoka Ulaya. Soma tena #1. Neno ni la Wagiriki kwa karatasi ya Misri, na tawi letu la zamani, karatasi, limekuja kwa Waarabu.

Tena niwaongezee. Hizo karata za Babu, Wazungu wenyewe walizitoa kwa Waarabu. Zilifika Ulaya miaka ya 1370 hivi, kutoka Misri ya Wamamluki, watawala wake wa wakati huo. Mwaka 1377 mji wa Florence ulikuwa tayari umeshazipiga marufuku, kwa hiyo watu walishaanza kuliwa fedha zao. Iko seti ya karata za Kimamluki kwenye makumbusho ya Topkapı, Istanbul. Rangi zake nne ni vikombe, dinari, mapanga na fimbo za polo. Wazungu hawakuujua polo, fimbo zikawa magongo tu. Mkubwa wa kila rangi ni malik, chini yake naib, yaani msaidizi wa mfalme. Kutokana na huyo naib, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, Wahispania mpaka leo karata wanaziita naipes.

Naib ni huyohuyo naibu wetu. Naibu waziri, naibu spika. Kumbe alianzia kwenye karata 😄

#9 Mjuzi_Asiyejulikana

Sawa dada, nimekuelewa. Ila kada wa chama? Kada si anabeba kadi?

#10 Bint_Muscat

Anaibeba, lakini hawahusiani. Kada ni cadre, Kifaransa kwa asili ya Kiitaliano, maana yake fremu yenye pembe nne. Kwa maana anafanana na "mraba", si na karatasi.

#11 Mtoto_wa_Mbagala

Kadiolojia?

#12 Bint_Muscat

Moyo, kwa Kigiriki kardia. Hapana.

#13 Mtoto_wa_Mbagala

Sweta la kadigani?

#14 Bint_Muscat

Cheo cha mtu, Earl wa Cardigan, jemadari wa Vita vya Crimea. Hapana. Nenda kalale mdogo wangu.

#15 Mkenya_Halisi

Wasee, huku Nairobi mmesahau mmoja wa hiyo familia ambaye anatusumbua kila siku. Makateli! Kateli wa sukari, kateli wa mahindi, kateli wa mafuta. Cartel si pia ni hiyo "cart"?

#16 Mchapaji_wa_Kkoo

Ndiye yeye, ndugu yangu, na historia yake ni ya ajabu kidogo. Kiitaliano cartello ni karatasi ndogo, tangazo, kibandiko. Zamani ukimchukia mtu hadi kutaka kupigana naye kwa upanga, ulimwandikia cartello ya kumwita uwanjani. Baadaye ikawa mapatano ya kimaandishi kati ya majeshi mawili yanayopigana, kwa mfano ya kubadilishana mateka. Ni maadui wanaoelewana kwa muda. Karne ya 19 Wajerumani wakalichukua, Kartell, kuita makampuni yanayopaswa kushindana lakini yamekaa chini kupatana bei. Kwa hiyo ukisikia kateli wa sukari, picha yake ni hiyo: mbele yenu wanashindana, nyuma ya pazia wana karatasi yao.

#17 Wakala_wa_Bandari

Nami nichangie cha kwangu. Niko kwenye shughuli za meli, ofisini tunasema "chata pati" kutwa nzima. Ni mkataba wa kukodi meli. Nilidhani "party" ni upande mmoja wa mkataba, kumbe siyo! Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alinieleza ni carta partita, karatasi iliyogawanywa. Walikuwa wanaandika masharti mara mbili kwenye karatasi moja, wanaikata katikati kwa mkato wa kupinda, mwenye meli anaondoka na nusu na mkodi nusu. Pakitokea ubishi wanazileta, wanazikutanisha. Mikato isipoingiana, mmoja wenu kaghushi.

Sasa mtu anakwambia "tumechata ndege". Karatasi iliyokatwa kwa mkasi haipo tena, jina limebaki.

Swali kwa mleta uzi: kwa nini huku "kadi" na huku "chata"? K na CH vimeachania wapi?

#18 Mchapaji_wa_Kkoo

Swali la maana sana mkuu. Wa kulaumiwa ni Wafaransa. Kifaransa cha eneo la Paris kiliigeuza "ka" ya Kilatini kuwa "cha" katika maneno yake ya kurithi. Paka kwa Kilatini ni cattus, kwao chat. Shamba ni campus, kwao champ. Charta ikawa charte, na karatasi yake ndogo, chartula, ikawa chartre. Hapo ndipo Mwingereza alipotoa chart na charter. Carte yenye K ni Kiitaliano kilichochangia, maana carta ya Waitaliano haikugeuka. Mwingereza kapokea zote mbili, naye hatupi kitu. Kila moja kaipa kazi yake.

Nasi tumezipokea zote. Chati ya irabu ukutani na kadi ya kliniki mkobani. (Ila "kuchati" kwenye simu hapana jamani, hilo ni la kupiga soga, halihusiani na chati ya ukutani hata chembe.)

Hiyo charter imewahi kuja kwetu kwa sura mbaya pia. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa charter, hati ya mamlaka, na malkia wao, ikaanza kutawala sehemu za Kenya na Uganda kama duka linavyoendesha stoo. Karatasi moja tu, imesainiwa mbali huko. Ile ya mwaka 1215, Magna Carta, mfalme John alibanwa na mabwana wake mpaka akaikubali. Yetu hakuna aliyetuuliza.

#19 Mama_Kiwandani

Nimesoma yote nikitabasamu. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na moja, idara ya kadi. Huko kadi ni mashine! Pamba inaingia imevurugika, mashine ina magurudumu yenye meno ya waya, inaichana mpaka nyuzi zinalala upande mmoja, inatoka kama kamba nene laini, nyeupee. Vumbi lake lilikuwa linakaa kwenye nyusi, ukitoka zamu unafanana na mtu aliyepauka kwa uzee. Mwanangu mdogo alikuwa ananikimbia mlangoni.

Hiyo kadi nayo ni ya karatasi?

#20 Mchapaji_wa_Kkoo

Shikamoo mama. Swali lako limenifungulia kamusi usiku wa manane. Jibu ni hapana. Kiingereza kina card mbili, zinafanana herufi kwa herufi lakini hazijuani. Hiyo ya kwako ni ya ukoo wa carduus, Kilatini cha mmea wa miiba, mbaruti wa Ulaya. Kabla ya mashine watu walichana sufu kwa vichwa vya mimea yenye miiba iliyopinda. Kwa hiyo wewe mama ulikuwa idara ya miiba, mimi niko idara ya mafunjo. Wote majani.

#21 Mama_Kiwandani

Marahaba mwanangu. Idara ya miiba! Hilo nitawaambia wenzangu tuliokuwa nao, watakubali wote.

#22 Kivu_Yetu

Jambo wandugu. Huku kwetu Goma hatusemi kadi, tunasema karte, ya Kifaransa. Karte ya uchaguzi ndiyo watu wanatembea nayo mfukoni kama kitambulisho. Nikivuka mpaka kwenda upande wa wenye kusema kadi, mdomo unabadilika wenyewe. Kwa hiyo ongeza mlango: Waarabu, Wareno, Waingereza, na kwetu sisi ni Wabelgiji.

#23 Mchapaji_wa_Kkoo

Karibu sana ndugu yetu, huo mlango nilikuwa nimeusahau. Milango minne basi.

Nimalizie deni langu la katuni, katoni na katriji, maana nimeulizwa PM.

Kiitaliano cartone ni karatasi kubwa, nzito. Kupitia kwa Mfaransa, carton, ikawa boksi la karatasi nzito, katoni yetu. Lakini wachoraji wa Italia walikuwa wanachora kwanza picha yao kwenye hiyo karatasi kubwa, kipimo kilekile cha ukutani, kisha wanaihamishia kwenye plasta mbichi. Mchoro huo wa matayarisho nao ukaitwa cartone. Hakuna kichekesho hapo, ni malaika na watakatifu tu.

Kichekesho kimekuja hivi. Mwaka 1834 bunge la Uingereza liliungua. Lilipojengwa upya wakataka kuta zipambwe, ukafanyika ushindani, na mwaka 1843 michoro ya matayarisho ikaonyeshwa hadharani London. Mashujaa, malkia, mavazi ya kifahari. Mtaani watu wana njaa. Jarida la vichekesho la Punch likasema na sisi tunaleta cartoon yetu, likachapa picha ya John Leech: mafukara wamesimama wanatazama maonyesho. Jina likanasa. Tangu hapo katuni ni ya kukejeli wakubwa, na baadaye ya watoto kwenye runinga.

Katriji: cartoccio, karatasi iliyoviringishwa kama ya karanga. Kabisa, ile koni ya muuza karanga! Waliwekea baruti na risasi ndani, askari anararua kwa meno, anamimina. Karatasi hizo zilipakwa mafuta, na mwaka 1857 askari wa Kihindi waliposikia ni ya ng'ombe na nguruwe, Wahindu na Waislamu wote wakachukia, ikawa moja ya cheche za ule uasi mkubwa. Leo mimi naweka wino.

Wafaransa nao katriji waliiita cartouche. Napoleon alipovamia Misri mwaka 1798, askari wake waliona kwenye mawe ya kale majina ya wafalme yamezungushiwa umbo refu la duara. Wakasema mbona kama cartouche zetu. Jina likakaa, wataalamu wanalitumia hadi leo. Neno la karatasi ya Misri limezunguka Ugiriki, Roma, Italia, Ufaransa, limerudi Misri kwenye mkoba wa risasi.

#24 Babu_wa_Forodhani

Hapo mwanangu umecheza ree.

#25 Mtoto_wa_Mbagala

Na kadi nyekundu ya mpira? Hiyo mmeisahau makusudi kwa sababu ya timu zenu.

#26 Bint_Muscat

Wazo la mwamuzi Ken Aston wa Uingereza, kalitoa kwenye taa za kuongozea magari. Kadi ya njano na nyekundu zilianzishwa Kombe la Dunia Mexico 1970. Ni plastiki, hakuna karatasi wala mafunjo, na bado ni kadi. Sasa kalale kweli.

#27 Mchapaji_wa_Kkoo

Mrejesho, wakuu. Leo asubuhi kaja bwana harusi mtarajiwa. Nikamtandikia sampuli zangu zote mezani: gramu 250, gramu 300, yenye maua, yenye utepe. Akazipapasa moja moja, akazisifu. Nikamuuliza, single ngapi, double ngapi? Akasema 300 kwa jumla.

Nikafungua rimu. Akanishika mkono: "Hapana bro, mimi nataka za WhatsApp."

Nimemwandikia risiti: kadi 300, bila karatasi. Nimeikata risiti yenyewe, nikampa nusu, nikabaki na nusu. Wakala wa Bandari, nilikukumbuka.